Mkwe Hapunguziwi Bei

Mimi mdomo wangu hauna breki, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Sokoni Kasulu wauza maharage wakiniona nakuja wanaanza kuokota mawe kwenye debe kabla sijafungua kinywa. Niliwahi kumwambia mwenyekiti wa mtaa mbele ya watu kwamba choo alichojenga hata mbuzi angekataa kuingia. Ndiyo maana hili ninalolisimulia linanikera mpaka leo. Siku niliyotakiwa kusema maneno kumi tu, nilitulia kama maji ya mtungi.

Kwa miaka kumi na sita nilikuwa karani wa ndege moja pale Kibondo. Ndege ndogo, injini moja, viti sita, ukikaa mwishoni magoti yanakutana na kidevu. Ilikuwa ikibeba wafanyakazi wa mashirika, dawa, na wakati mwingine maiti. Ilihudumia kambi za wakimbizi za Nduta na Nyarugusu, ikifika hadi Kigoma na Mwanza. Mwenyewe alikuwa rubani mzee, mtu wa Tanga, aliyeinunua kwa wamisionari walipofunga kazi yao. Mimi sijui kurusha ndege, hata pikipiki siendeshi. Kazi yangu ilikuwa daftari. Kila saa injini iliyowaka niliiandika, kila oili iliyomwagwa, kila tairi, kila nati iliyobadilishwa na nani kaibadilisha.

Watu hawajui kwamba ndege hainunuliwi kwa macho. Gari unaweza kulizunguka, ukapiga teke gurudumu, ukasikiliza mlio, ukasema milioni ngapi. Ndege unanunua karatasi. Unauliza injini imewaka saa ngapi tangu ifumuliwe, zimebaki ngapi kabla haijatakiwa kufumuliwa tena, imekaa muda gani bila kuruka, imewahi kuanguka au haijawahi. Unaangalia ndege za aina hiyo wengine wameziuza kwa kiasi gani kweli, siyo bei wanayoitangaza. Halafu unaanza kutoa. Bati lililoliwa mkiani, toa. Redio ya zamani, toa. Kinachobaki ndiyo bei ya haki. Daftari likiwa na pengo, hakuna bei ya haki hapo, kuna kubahatisha tu.

Na daftari la ndege ile lilikuwa na pengo moja, nililolitia mimi kwa mkono wangu.

Ilikuwa masika, miaka mingi kidogo nyuma. Ndege ilitua kwenye kiwanja cha udongo kilicholoa, gurudumu la mbele likazama, pua ikainama na propela ikalima ardhi injini ikiwa inawaka. Hakuna aliyeumia. Propela ilijikunja ncha zote. Sheria ya kitu kama hicho haina mjadala: injini inashushwa, inafumuliwa yote, kila kipande kinakaguliwa, hasa krenki, kile chuma cha katikati kinachozungusha propela. Kishindo kinaweza kukitia ufa usioonekana kwa macho. Kazi hiyo ni miezi, na ni pesa ambayo mzee hakuwa nayo. Fundi tuliyekuwa naye wakati ule akapima kwa kifaa chake, akasema krenki imenyooka, haina shida. Wakafunga propela nyingine. Mzee akaja mezani kwangu akasema, "Mwanangu, andika propela imebadilishwa kwa uchakavu."

Nikaandika. Mtaniuliza mdomo wangu ulikuwa wapi. Ulikuwa unakula mshahara wa ndege ile, kama midomo ya sisi wote pale.

Lakini haikuwa mshahara peke yake. Mimi nilivuka mpaka kama mkimbizi, nikiwa mgongoni kwa mama, na mama akafia Kasulu nikiwa bado msichana. Sina baba, sina mjomba, sina mtu. Nilipopata mchumba, Muha wa Kasulu, ndugu zake wakauliza mahari waipeleke kwa nani. Kwa Waha jembe la mahari halikabidhiwi hewani, lazima apatikane baba wa kulipokea. Yule mzee wa Tanga, Mwislamu, asiyejua hata salamu ya Kiha, akavaa kanzu yake na kofia, akakaa kwenye mkeka, akapokea jembe kwa mikono miwili. Tangu siku ile ni baba yangu. Kwa upande wa mume wangu akawa mkwe, na mkwe si mtu wa kuchezea. Mbele yake hawapazi sauti, hawali wakamaliza sahani, na wala hawamkatalii neno.

Mume wangu alifariki. Aliyebaki kunishika mkono ni kaka yake mkubwa, shemeji yangu, mfanyabiashara wa maharage pale Kasulu. Ada za wanangu alilipa yeye. Bati la nyumba yangu liliponyofolewa na upepo, alikuja na mafundi kabla sijamwita. Ni mtu mpole mpaka anakera. Ukimtukana anakuuliza kama umekula.

Huyu shemeji mke wake alifia barabarani. Walikuwa wametoka Kasanda, kwao mkewe, uchungu ukaanza kabla ya wakati, hospitali ya wilaya wakasema apelekwe mbele. Mvua ilikuwa inamwagika tangu juzi yake. Gari likanasa kwenye tope, wakasukuma, likatoka, likanasa tena. Mara ya tatu hapakuwa tena na haraka. Mtoto hakuwahi kutoka. Shemeji alinisimulia mara moja tu, na alipomaliza akasema, "Shemeji, juu yetu ilipita ndege. Niliisikia." Hatukujua kama ilikuwa ndege yetu. Baadaye nilifungua daftari nikaangalia tarehe, nikakuta ndiyo. Sikumwambia hilo nalo.

Baadaye hela za mashirika zikakatika. Warundi wakawa wanarudishwa kwao, ofisi zikawa zinafungwa moja baada ya nyingine, na abiria wetu walikuwa hao hao. Ndege ikaingia bandani ikakaa miaka mitatu. Mzee mwenyewe akaanza kuugua presha ya macho. Alikuwa akinyoosha mkono kuchukua kikombe, mkono unapita pembeni, na anajifanya alikuwa anafukuza nzi. Daktari akamwambia bila kupasuliwa atakuwa kipofu. Basi akasema anauza ndege, dola elfu arobaini.

Shemeji alipopata habari alikuja kwangu mbio, hata viatu hakuvua vizuri. Alikuwa na shamba la misonobari aliyoipanda na marehemu mkewe. Angeuza miti yote. Angeajiri rubani kutoka Mwanza, abebe wafanyabiashara na wagonjwa wenye uwezo, na mwanamke yeyote wa uchungu abebwe bure.

"Shemeji, lami inakuja," nilimwambia. "Hivi sasa Kasulu mpaka Kibondo imeshafika, gari linateleza tu. Ndege ya nini?"

"Lami haifiki Kasanda," alisema.

Mtu mwingine yeyote angeleta fundi wake kutoka Mwanza aifungue injini, aichungulie, ndipo waanze kuvutana bei. Hivyo ndivyo ndege inavyonunuliwa dunia nzima. Lakini muuzaji alikuwa mkwe wake. Umletee mkwe fundi wa kukagua mali yake, kana kwamba ni mwizi? Halafu umwambie apunguze? Kwa Waha afadhali ulale njaa. Mkwe hapunguziwi bei. Akitaja, ama unatoa, ama unasema huna. Kwa hiyo shemeji akanitegemea mimi.

"Wewe ndiye unayeijua ndani na nje," alisema. "Mimi hizo hesabu za saa sizielewi. Kaa na daftari, niambie kama arobaini ni bei ya haki. Ukisema si ya haki, nitamwambia mkwe sina pesa, yataisha kwa heshima. Wewe ndiye mizani yangu."

Nilikaa na daftari siku tatu. Nilipiga hesabu kwanza kama mtu asiyejua kitu. Ndege za aina ile zenye injini iliyotumika nusu zilikuwa zinauzwa dola elfu sitini na kitu. Nikatoa miaka mitatu ya kukaa bila kuruka, maana injini isiyowaka inapata kutu ndani. Nikatoa bati la mkia, redio, viti vilivyopasuka. Ikabaki elfu arobaini na mbili. Halafu nikapiga hesabu kama mimi. Injini iliyogonga ardhi na haikufumuliwa haihesabiwi saa zilizobaki, inahesabiwa sifuri, na gharama ya kuifumua inatolewa juu yake. Ikabaki elfu kumi na tano, na hapo nimeihurumia.

Nilikwenda kwa mzee. Alikuwa amekaa barazani, redio imewekwa sikioni. Nilimwamkia, nikakaa, nikasema, "Baba, na lile la masika?"

"Lipi?"

"Propela, baba."

Akazima redio. "Imeruka saa ngapi tangu siku ile? Wewe ndiye mwandishi."

"Mia tatu na arobaini."

"Basi. Kitu kibovu kinaruka saa mia tatu na arobaini? Nimebeba watu mle. Nimekubeba wewe na wanao."

"Lakini tungemwambia, baba. Aamue mwenyewe."

Aliiweka redio chini. Kisha akasema taratibu, "Ukimwambia, atajua nani aliandika. Kosa la karani aliyedanganya daftari la ndege linaitwaje, mwanangu? Mimi ni mzee, watanifunga nini. Wewe una watoto." Hakusema kwa kunitisha. Naapa hakusema kwa kunitisha. Akanyoosha mkono kutafuta kikombe cha chai, akakikosa, safari hii hakujifanya anafukuza nzi. Nikakichukua nikamtia mkononi.

Niliondoka pale nimemkasirikia, nimejikasirikia, nimemkasirikia hata marehemu mume wangu kwa kufa na kuniacha katikati ya watu hawa wawili. Njiani nilipanga maneno. Nitamwambia shemeji hivi, nitaanza hivi. Nilipofika Kasulu dukani kwake, alikuwa amekalia gunia, ana karatasi amechora ndege kwa kalamu ya risasi, na ndani ya ndege amechora kitanda.

"Nimepima," alisema. "Ukitoa viti viwili vya nyuma, mtu analala."

Nikaanza kuzungukazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Nikasema matairi yamechakaa. Nikasema rangi imebabuka. Nikasema sijui mlango wa nyuma unagoma.

Shemeji akacheka. "Loo! Unataka nimkatalie mkwe kwa ajili ya rangi? Shemeji, niambie moja tu. Arobaini ni bei ya haki, au si ya haki?"

Nilimwangalia usoni. Yule mtu alikuwa hajacheka tangu amzike mkewe.

"Ni ya haki," nilisema. Kisha, kana kwamba hilo halikutosha, nikaongeza la kunimaliza kabisa. "Kwa karatasi inafika arobaini na mbili. Baba amekupunguzia."

Macho yake yakajaa machozi. Akasema, "Mkwe huyu Mungu amlipe." Misonobari ikaangushwa wiki ile ile.

Siku ya kukabidhi tulikuwa wengi kiwanjani Kibondo. Vijana wa shemeji waliisukuma ndege kutoka bandani kwa mikono, wakashangilia mno, mmoja akavuta huku mwingine anasukuma kule, propela ikagusa pipa tupu la mafuta. Ilikuwa mguso wa kawaida, ngo, kama sufuria kwenye jiko. Shemeji alishtuka akakimbia kuipapasa. Mzee hakuona, alisikia tu, akauliza nini hicho. Shemeji akajibu kwa aibu, "Wametukwaruzia kidogo, mkwe, samahani." Tukacheka wote.

Kibali cha kuruka kilikuwa kimekwisha muda, na kabla ya kupata kipya injini ilitakiwa kukaguliwa. Ikashushwa, ikapakiwa kwenye lori, ikaenda Mwanza. Mzee naye akaenda Moshi kupasuliwa macho kwa pesa ile ile. Nilikuwa nahesabu siku kama mtu aliyepima damu anasubiri majibu. Wakati mwingine nilijiambia labda fundi wetu alikuwa sahihi, labda krenki ni nzima, na uongo wangu utakufa wenyewe bila mtu kudhurika. Niliomba hivyo kanisani kabisa, nimepiga magoti.

Fundi wa Mwanza alipiga simu tukiwa dukani. Shemeji akaweka sauti ya nje ili nimsaidie maneno ya kifundi. Yule fundi alisema krenki ina ufa. Alisema injini ile haifai hata kuunganishwa tena, na nyingine kama hiyo bei yake inazidi ya ndege nzima. Alisema ufa wa namna ile unaletwa na kitu kimoja. "Bosi, propela yenu iliwahi kugonga kitu?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Kinywa kilifunguka.

"Ndiyo," alisema shemeji. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Iligonga pipa. Vijana wangu."

"Basi ndiyo hiyo," fundi akasema. "Pole sana."

Propela ya ndege inayosukumwa kwa mikono ikigusa pipa tupu haipasui krenki. Haiwezi, hata ukiigusisha mwaka mzima. Inapasuka injini ikiwa inawaka na propela inakutana na ardhi. Fundi angeulizwa swali moja tu la nyongeza angesema hivyo mwenyewe, na mtu pekee pale dukani aliyejua swali lenyewe alikuwa mimi. Shemeji akakata simu. Alikaa juu ya gunia akatazama sakafu. Kinywa changu kikafungika.

Sikumwambia siku ile, wala wiki ile. Vijana waliosukuma ndege aliwaambia wasiwe na wasiwasi, ajali haina kinga. Mmoja wao aliacha kazi kwa aibu, akarudi kwao. Masika yakaja. Kule Kasanda wanawake waliendelea kubebwa kwenye pikipiki, wamekalishwa katikati, mmoja mbele na mmoja nyuma wa kuwashika. Kila nikiwaona nilikuwa nageuza uso.

Mzee akarudi kutoka Moshi. Jicho moja liliokoka kiasi, jingine halikuwahiwa. Alipotulia, shemeji akatuma ujumbe kwamba anakuja kumwona mkwe. Nilijua kimekwisha. Nikasema moyoni, mtu amekaa akafikiri, amemuuliza fundi mwingine, sasa anakuja kudai haki yake. Nitasema ukweli, nitasema ni mimi niliyeandika, liwalo na liwe. Mama yangu, hata nilijisikia nafuu.

Alikuja mchana na mbuzi hai, maana anajua mzee hali nyama asiyojua imechinjwa na nani. Amevaa koti lake la kanisani. Mzee alikuwa kwenye kiti, mimi nimesimama mlangoni na sinia la chai. Shemeji hakukaa kwenye kiti alichowekewa. Alikaa chini, kwenye mkeka, akaangalia mikono yake.

"Mkwe," alisema, "nimekuja kuomba msamaha. Kitu chako ulichokipenda miaka yote, ukanipunguzia bei kwa ajili ya marehemu mke wangu, mimi nimekiua siku ya kwanza. Nimekosa uangalizi. Nimeona haya kukaa bila kuja kukuambia kwa kinywa changu."

Niliweka sinia chini, kwenye kizingiti. Nilimtazama mzee. Uso wake uligeuka kuelekea mlangoni, nilipokuwa. Sijui kwa jicho lile aliona nini. Nilingoja aseme. Nadhani na yeye alikuwa ananingoja mimi. Tulingojana hivyo, baba na mwanawe, na yule mtu yuko chini kwenye mkeka.

"Nimekusamehe, mkwe wangu," alisema mzee. "Ndege ni chuma tu."

Shemeji akajifuta macho kwa kiganja. Alikunywa chai, akabakiza kidogo kwenye kikombe, akaaga. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Pale akanishika mkono kwa mikono yake miwili, uso wake umetulia kuliko nilivyouona kwa miezi.

"Umpikie vizuri huyo mbuzi, shemeji," alisema. "Baba kama huyu hapatikani."

Nikamwambia nitampikia.